Mpe Kila Mtoto Pigo Lake: Vidokezo vya Muziki kwa Chekechea

Mwalimu wa chekechea akiulizwa kwa nini watoto wake hawafundishwi muziki, jibu la kawaida ni kwamba shule haina vyombo, na akisema vyombo anafikiria kinanda. Lakini mtoto wa miaka minne hahitaji kinanda. Anahitaji kitu kinacholia kikigongwa au kikitikiswa, mtu mzima wa kupiga naye, na kazi ndogo ndani ya muziki ambayo asipoifanya wenzake watasikia pengo.

Ngoma zetu nyingi zimejengwa hivyohivyo. Mmoja anashika pigo lisilobadilika, wa pili anamjibu, wa tatu anacheza juu yao. Yule wa pigo moja si wa kujazia nafasi. Akinyamaza, wote wanayumba. Hapo ndipo pa kumweka mtoto mdogo, na vidokezo vinavyofuata vinahusu namna ya kumfikisha hapo. Viko kwa ajili ya mwalimu wa darasa la awali, mlezi wa kituo cha watoto, mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili, na mzazi mwenye watoto wawili watatu sebuleni.

1. Anza na mwili, makopo yasubiri

Makofi, mapaja, kifua, miguu sakafuni: hizo ni sauti nne tofauti na hazigharimu kitu. Makofi yanalia juu, mguu unalia chini, mapaja yako katikati. Mtoto anayeweza kukanyaga na kupiga makofi kwa kupokezana tayari amejifunza sauti nzito na nyepesi kwa mwili wake mwenyewe, kabla hujamfafanulia chochote.

Wajerumani Carl Orff na Gunild Keetman, waliofundisha Munich katika miaka ya 1920 na 1930, walijenga njia yao juu ya jambo hili, na mwaka 1948 redio ya Bavaria ikaanza kuirusha kwa watoto. Leo inafundishwa nchi nyingi. Mwalimu wa Kilosa au wa Kilifi hana haja ya kuiagiza kutoka mbali, kwa sababu watoto wake wanapiga makofi na kuruka kwenye michezo ya kuimba kila mapumziko. Toka nje uwatazame kwanza. Somo lako la wiki mbili za mwanzo liko pale uwanjani.

2. Zima spika

Najua spika inasaidia. Inawatuliza watoto wakati mwalimu anaandika mahudhurio, na nyimbo za katuni wanazipenda. Lakini kwenye kipindi cha mdundo, izime.

Mwaka 2009 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu. Watoto walipiga ngoma wakiwa na mtu, wakiwa na mashine inayopiga, au wakifuata sauti ya spika tu. Walienda sawa na mapigo vizuri zaidi walipokuwa na mtu. Mwaka uliofuata walionyesha jambo lingine: watoto wa miaka minne waliotoka kuimba na kupiga vyombo pamoja walisaidiana zaidi kuliko wale waliocheza mchezo usio na muziki.

Kwa hiyo kaa chini, kwenye duara, macho yako yakutane na yao, na upige wewe mwenyewe. Huhitaji kuwa mpigaji hodari. Unahitaji mkono unaoonekana ukipanda na kushuka.

3. Mfuate mtoto kwanza, naye atakufuata

Mtoto mdogo akiachiwa kopo agonge atakavyo, hugonga haraka kuliko mtu mzima. Ndivyo mwili wake ulivyo. Usimhesabie kuwa ni utundu. Walimu wengi huanza polepole wakidhani wanamrahisishia, kumbe wanamtafutia kazi ngumu zaidi, maana kusubiri pigo linalochelewa kunahitaji utulivu ambao bado hajaupata.

Mwambie mtoto mmoja aanze. Sikiliza anavyogonga, kisha ingia na kofi lako kwenye mwendo wake huohuo. Darasa zima liingie. Mkishakuwa pamoja, ndipo upunguze kidogokidogo. Utaona wanakutazama mikono badala ya kutazama makopo yao, na huko kutazamana ndiko unakokutafuta.

4. Tumia chakula cha mchana

Maneno ya Kiswahili yanakatika vizuri kwa mdundo, kwa hiyo huhitaji kumfundisha mtoto wa miaka mitano alama za noti ili apige kitu chenye mpangilio. Weka hatua nne za kutembea, moja, mbili, tatu, nne, halafu juu yake sema:

u – ga – li – (kimya)

wa – li – maha – ragwe

Katika mstari wa kwanza kila silabi inachukua hatua moja na hatua ya nne haina sauti. Katika mstari wa pili “wa” na “li” zinachukua hatua moja moja, kisha “maha” inabanwa kwenye hatua ya tatu na “ragwe” kwenye ya nne. Mtoto amekwisha kupiga pigo zima, pigo lililogawanywa na kituo, naye anadhani anataja chakula tu.

Kaeni na “ugali” hadi ukae. Siku nyingine leta “wali maharagwe”. Siku ya tatu gawa darasa katikati, nusu ugali na nusu wali maharagwe, waseme kwa pamoja huku wakitembea. Kisha waseme kwa midomo bila sauti huku mikono ikipiga. Mwisho midomo ifungwe kabisa, mikono iendelee. Kama kundi moja litapotea, na litapotea, rudisheni maneno. Hakuna aibu kurudi kwenye maneno hata ukiwa na watoto wa miaka saba.

Watoto wakishaelewa, watakuletea ya kwao. Samaki ina silabi tatu kama ugali. Mchicha vilevile, ukihesabu ile “m” ya mwanzo. Waache wabishane kuhusu chapati na pilau. Hawatabishana bila kugonga.

5. Gawa kazi kama ngoma inavyogawa

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Madarasa mengi yenye vyombo hupiga kitu kimoja kwa pamoja, watoto thelathini na mdundo mmoja. Inachangamsha kwa dakika tatu. Baada ya hapo kila mtoto anajua kwamba akiacha kupiga hakuna atakayegundua, na wengi huacha.

Watazame wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Katikati kuna ngoma inayoongoza, inkiranya. Kuna ngoma ziitwazo amashakwe, ambazo kazi yake ni kushika pigo lisilokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Na kuna ibishikiso, zinazofuata anachopiga kiongozi. Ni kazi tatu, na kila mpigaji anaijua yake.

Darasani fanya hivi. Kundi la kwanza, lenye ndoo na makopo makubwa, linapiga hatua ya kwanza tu kati ya zile nne. Pigo moja, halafu kusubiri. Wape watoto wadogo zaidi, na uwaambie ukweli kwamba wao ndio wanaobeba wengine. Kundi la pili, la kayamba na chupa, linatikisa hatua zote nne bila kukatika. Kundi la tatu, la vijiti au vifuu vya nazi, linapiga “wali maharagwe”. Mtoto mmoja anasimama katikati na kuongoza: akiinua mkono kundi fulani linanyamaza, akiushusha linarudi.

Kisha linyamazishe kundi la kwanza, lile la pigo moja, na uwaulize wenzao wamesikia nini. Usiwajibie. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa akidhani kazi yake ni ndogo atasikia mwenyewe kwamba wimbo umepwaya, na akirudishwa atapiga lile pigo lake kwa uzito mwingine kabisa.

Kwa watoto wa miaka sita na saba unaweza kwenda mbali zaidi. Amadinda ya Baganda, marimba kubwa ya vibao 12, hupigwa na watu watatu. Wawili wanaketi wakitazamana na kila mmoja anapiga kwenye nafasi anayoiacha mwenzake, hadi wimbo unaosikika si wa yeyote kati yao peke yake. Jaribuni kwa makofi: wewe unapiga, mtoto anapiga katikati ya makofi yako. Anzeni wawili wawili. Kicheko kitakuwa kingi.

6. Tengenezeni vyombo, lakini vilie vizuri

Chombo cha kujitengenezea kisiwe cha kuonyesha tu. Kama kinalia vibaya, mtoto anajifunza kwamba sauti haina maana.

Chupa ya maji ya nusu lita ikijazwa sana haitoi sauti. Punje zinakosa nafasi ya kuruka. Weka kiganja kimoja tu. Mchele unatoa sauti nyembamba, maharage yanatoa sauti nene, mchanga mkavu unanong’ona. Tengeneza chupa mbili mbili zinazofanana, zifunike kwa karatasi, na wape watoto kazi ya kutafuta pacha wa chupa kwa masikio. Mchezo huu peke yake ni kipindi kizima.

Kwa ngoma, chukua kopo kubwa la maziwa ya unga au ndoo ndogo iliyokatwa chini, vuta juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli au ya gari na ukikaze kwa kamba. Usipopata tyubu, seloteipu pana iliyovutwa kwa kupishana mara nyingi inatosha kwa muhula mmoja. Vizibo vya soda vilivyopondwa bapa na kutobolewa, vikiningʼinizwa kwenye waya, vinakuwa njuga. Vifuu viwili vya nazi vilivyopigwa msasa ni chombo kamili. Vigonganishe kwa midomo yake kisha kwa migongo, na watoto wataje tofauti.

Kayamba ya matete mwachie fundi. Kuisuka ni kazi ya mkono uliozoea, na ukinunua moja iliyo nzuri watoto watasikia chupa zao zinajaribu kusema nini. Waonyeshe pia kwamba kayamba haitikiswi ovyo: inabebwa kwa mikono miwili, inainamishwa upande mmoja na mwingine, na vidole gumba vinaweza kugonga juu yake.

7. Mbegu za kuogopa

Hapa usipunguze neno hata moja. Zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, ambazo mafundi wengine hutia ndani ya kayamba, zina sumu kali; mbegu iliyotafunwa inaweza kumuua mtoto. Mbegu za mbarika nazo ni sumu. Usizitumie kwenye chombo cha mtoto, na ukinunua kayamba iliyokwisha kutengenezwa, ikianza kufunguka iondoe darasani siku hiyohiyo.

Kwa walio chini ya miaka mitatu, hata punje ya haragwe ni hatari, kwa kuwa inaingia puani na inaweza kukaba koo. Vizibo vya chupa zao vibanwe kwa gundi kisha vizungushiwe seloteipu. Kingo za makopo zipondwe kwa nyundo. Na kopo au chupa iliyowahi kubeba dawa ya wadudu au mafuta ya taa haisafishiki kiasi cha kupewa mtoto.

8. Ukiwa na ngoma ya ngozi, ipeleke juani mbele ya watoto

Ngoma moja tu ya ngozi ya mbuzi inatosha kwa shule nzima, na inafundisha mambo ambayo kopo haliwezi. Wakati wa masika ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na ngoma hutoa sauti ya chini isiyo na nguvu. Wapigaji huisogeza karibu na moto au kuianika hadi ikaze. Fanya hivyo na watoto wakiona. Asubuhi kila mmoja aipige mara moja na aguse ngozi kwa kiganja. Iweke juani, nendeni mkafanye hesabu. Mkirudi kila mmoja aiguse na kuipiga tena.

Watasikia sauti imepanda. Wataigusa na kuona imekaza. Mtoto aliyejifunza hivyo kwamba kilichokazwa hulia juu na kilicholegea hulia chini ana msingi wa kuielewa zeze, gitaa na hata koo lake mwenyewe. Wafundishe papo hapo sauti mbili za ngoma: katikati kwa kiganja, sauti nzito, ukingoni kwa vidole, sauti kali. Mkono ugonge na kuondoka. Ukibaki juu ya ngozi, sauti inakufa.

9. Kimya ni sehemu ya somo

Usimpe mtoto chombo kabla hujamaliza maelezo. Hili linaokoa kipindi kizima. Mtoto mwenye njuga mkononi hatakusikia, na si kosa lake.

Wekeni ishara moja ya kusimama na isiwe ya kelele: mkono juu, au wewe kuketi chini. Ifanyeni mchezo. Pigeni kwa nguvu, mkono upande, kimya. Nani anasikia nini? Kunguru, pikipiki, mtu anapepeta mchele nyuma ya jiko la shule. Rudieni, safari hii kimya kiwe kirefu kidogo. Watoto wanakipenda kimya wanapokuwa wao ndio walioleta.

Halafu fundisha kupiga kwa sauti ndogo. Kupiga kwa nguvu wanajua tayari.

10. Okoa masikio

Madebe mengi chini ya paa la bati ni mateso, kwa watoto na kwa mwalimu wa darasa la pili upande wa pili wa ukuta. Nendeni chini ya mwembe. Vijiti vifungwe kipande cha tyubu au kitambaa kwenye ncha. Makopo yawekwe juu ya mkeka. Mwongozo wa Tanzania unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, lakini wengi wetu tunajua madarasa yenye watoto mara mbili au tatu ya hao. Basi theluthi moja wapige, theluthi waimbe, theluthi wacheze kwa miguu, kisha wabadilishane. Vyombo vya theluthi moja vitawatosha hata wakiwa wengi.

11. Msichana naye apewe ngoma

Angalia jinsi unavyogawa. Bila kukusudia, ngoma huenda kwa wavulana na manyanga huenda kwa wasichana. Kule Dodoma, ngoma ya muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake, wakiwa wameibana katikati ya mapaja. Waonyeshe watoto picha au video yake. Na kila wiki vyombo vizunguke duara, ili kila mkono uguse kila kitu.

12. Asiyesikia, asiyetaka

Mtoto kiziwi ana nafasi kamili kwenye duara hili. Evelyn Glennie, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1965, alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni akawa mpigaji wa kimataifa wa ngoma na marimba. Hupiga bila viatu ili ahisi mtetemo. Mvue mtoto viatu, mweke karibu na ngoma kubwa, kiganja chake kiguse ubavu wa ngoma wenzake wakipiga. Mpe lile pigo la kwanza, ambalo analiona kwa mkono wako na kulihisi kwa mguu.

Mtoto anayekaa pembeni bila kupiga, mwache akae. Wengine hujifunza wakitazama, na ukimsogelea mama yake baada ya siku chache utasikia kwamba nyumbani sufuria hazipumziki. Mwekee chombo mbele yake tu.

13. Uliza nyumbani, na umwalike mwenye ujuzi

Baadhi ya familia zina maoni yao kuhusu muziki kwa sababu za dini. Zungumza nazo mapema, kwa heshima. Mara nyingi utakuta mtoto huyohuyo anaifahamu tari kutokana na kasida na maulidi, au ngoma kutokana na kwaya ya kanisani, na mzazi yuko radhi mwanzo uwe pale.

Kisha tafuta mzee wa mtaani anayepiga. Yupo. Mwamkieni, mkeka utandikwe, watoto waketi karibu yake. Mwombe asifundishe, apige tu anavyopiga siku zote, kwa mwendo wake halisi, hata kama wewe unaona ni mgumu kwa watoto. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha matokeo kwamba mtoto mchanga wa miezi 6 hutambua kosa katika midundo ya kwao na ya mbali kwa usawa, lakini akifika miezi 12 sikio limekwisha kuegemea midundo anayoisikia kila siku. Anayesikia pigo moja mbili pekee kutoka kwenye simu, sikio lake litaegemea huko. Midundo yetu yenye mbili na tatu kwa pamoja inaingia kwa kusikika mapema na mara nyingi, kutoka mkononi mwa mtu.

14. Siku ya wazazi, wape somo badala ya onyesho

Wiki za mazoezi ya onyesho zinaua kila kilichojengwa. Watoto wenye pigo zuri wanawekwa mbele, wengine wanapewa kusimama na bendera. Badala yake waketisheni wazazi kwenye duara pamoja na watoto, kopo moja kwa kila mzazi. Mtoto asimame katikati na kuongoza. Kundi la wazee lipewe ugali, kundi la akina mama na akina baba wapewe wali maharagwe, na watoto wadogo kabisa washike pigo la kwanza. Mwalimu akae nje ya duara, asipige, na watoto wakipotea awaache watafute wenyewe pa kurudia.